Inabidi, Bila Kusema Nani

Jumatatu, 9 Juni
Nimekwisha! Mnunuzi wa kahawa kutoka Italia anafika Alhamisi, na mkalimani ni mimi. Baba mkwe, Mzee Rwegoshora, mwenyekiti wa chama cha wakulima hapa Isingiro, amenidhamini mbele ya wanachama wote. Kweli nilijigamba kwamba nimeishi na mapadri wa Kiitaliano kule Ndama. Nililisha nguruwe wao. Waliniagiza kwa Kiswahili. Mzee amesema nikimwaibisha, atamchukua binti yake Benadeta siku hiyo hiyo.

Jumanne, 10 Juni
Nimeazima kitabu cha sarufi ya Kiitaliano. Wokovu! Bisogna: inabidi. Occorre: inahitajika. È necessario: ni lazima. Hazitaji mtu. Jambo linapasa tu, anayelitaka hajulikani. Mambo yakiharibika, wa kukamatwa hayupo! Kitenzi nimeshika kimoja, mangiare, kula. Benadeta akauliza kama kimoja kitatosha. Nikamwambia mgeni ni binadamu, atakula. Mke wangu akacheka mpaka akashika ubavu.

Alhamisi, 12 Juni
Mgeni ameshuka garini. Auleria, katibu wa chama, akataka nimuulize kama kahawa yetu imempendeza. Nikasema: bisogna mangiare. Mgeni akala ndizi alizoandaliwa. Auleria akataka kujua kama atanunua na mwakani. Occorre mangiare. Akala tena, kwa adabu. Naye kila aliposema maneno marefu, nilitangaza kwamba inabidi kahawa ianikwe kwenye vichanja, si chini. Wanachama wakaitikia.

Kufika sahani ya nne, mgeni alikuwa anatoka jasho. Auleria akasema huyu kila akiulizwa anakimbilia chakula, au mwenye njaa ni mkalimani? Watu wakaangua kicheko.

Kisha Mzee akamletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa. Kwetu kuikataa ni kumkataa mwenye nyumba. È necessario mangiare! Safari hii nilisema kweli tupu. Mgeni akashika tumbo, akakisukuma kikapu. Mzee akaniuliza, taratibu, mgeni amesemaje. Mdomo ukajibu wenyewe: kwao, mgeni akiheshimiwa kupita kiasi, inabidi mkwe wa nyumba atafune kwa niaba yake. Mzee akanisogezea kikapu. Chote, mkwe wangu.

Ijumaa, 13 Juni
Sijafumba macho. Moyo unakimbia, kalamu inarukaruka. Lakini nimepona! Mgeni ameondoka na sampuli zake, Mzee ameridhika, Benadeta yuko jikoni kwangu. Naapa, Kiitaliano basi.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada, Mzee akanisimamisha mbele ya watu. Mgeni alisema nini pale dirishani mwa gari alipokuwa akiondoka? Sikuwa nimeelewa hata neno. Ningesema alituaga, yangeisha. Nikasema atarudi Krismasi na ndugu zake kumi, na kwamba inabidi wajengewe nyumba, tena jirani na kwangu. Mzee akapanga watu wa kuanza msingi kesho. Auleria akauliza wageni wakiondoka nyumba itabaki ya nani. Nikamjibu hilo halikutajwa.

Benadeta hacheki tena. Ameketi kitandani, ananiuliza Krismasi tutamwonyesha baba yake wageni gani.

Nimemwambia alale. Krismasi iko mbali.