Sampuli za Haroub

Haroub alikataliwa kwa kosa la wembamba, na kosa hilo ndilo lililotuponza sote.

Kulikuwa na utafiti wa mafuta ya mwili katika kliniki moja hapa Tanga, wataalamu wa kweli wenye mashine za kweli. Walitafuta watu wenye viuno vipana wawafuatilie miezi sita, wengine kwa dawa, wengine kwa chakula na kutembea, waone mafuta yapi yanaondoka na yapi yanakaidi. Mshiriki alipewa nauli na chai yenye vitafunio. Haroub, Mpemba wa Makorora aliyeishi kwa ulimi wake na kwa hisani ya majirani, alisikia neno vitafunio akaenda kujiandikisha. Muuguzi aliyeitwa Naushad akampima kiuno. Sentimita themanini na nne. Kwa wanaume walitaka kuanzia mia na mbili.

"Kaka, wewe huna tunachokitafuta," Naushad alimwambia kwa upole.

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Haroub alikaa kwenye benchi saa mbili nzima akisikiliza wenzake wakielezwa. Akajifunza kwamba kuna mafuta ya chini ya ngozi na kuna mafuta yanayozunguka ini, na haya ya pili ndiyo ya kuogopwa. Akasikia kwamba mshiriki huchomwa ganzi chini ya kitovu, kisha hutolewa kipande cha mafuta kwa sindano, kidogo kama punje ya mchele. Akaona wanaume watatu wenye vitambi wakisikia habari ya sindano hiyo na kukumbuka ghafla kwamba wana safari. Alipoondoka alikuwa na fomu moja ya ridhaa mfukoni na mradi mzima kichwani.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Mimi ni Suleimani, fundi cherehani, na katika kisa hiki nimeshika nafasi ya mjinga wa karibu.

"Fundi," alisema, "mie nimeijua kasoro yangu. Miaka yote hii nasema uongo mzuri, lakini nausema nikiwa mwembamba. Nani atamwamini mtu mwembamba akisema ana kampuni?"

"Sasa unataka nini?"

"Kitambi. Nikikipata naondoka hapa, nakwenda Arusha kuwa mkurugenzi."

Nikamwambia kitambi ni chakula, na yeye nyumbani kwake hana hata unga. Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu aliyekata tamaa na mwanafunzi. Kisha akaniomba chumba changu cha nyuma na futikamba yangu.

Wiki moja baadaye kulikuwa na bango mlangoni: MRADI WA KUCHUNGUZA MAFUTA YA TUMBO. Fomu ilikuwa ile ile ya kliniki, kichwa kimebadilishwa, na chini yake mhuri wa duara aliotengenezesha Ngamiani. Sisi watu wa hapa, karatasi ikiwa na mhuri wa duara hatuisomi. Tunauliza tu tutie sahihi wapi. Walijiandikisha watu kumi na wanane. Mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, jambo ambalo mpaka leo linanifariji kidogo.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mshiriki ajinyime kile anachokipenda mno, na hicho alichojinyima akilete maabara kama sampuli, ili Daktari Haroub achunguze ni mafuta ya namna gani yameepukwa. Ailete sahani nzima, si kipande, na aifikishe kabla ya saa saba mchana ikiwa ya moto.

"Ikipoa mafuta yanaganda," Haroub aliwaonya, "na takwimu zinaharibika."

Maabara ilikuwa hicho chumba changu cha nyuma. Vifaa vyake vilikuwa kijiko, uma, kikopo cha chumvi, na mkeka wa kumpumzisha mtafiti baada ya kazi nzito. Saa saba kamili pazia lilishushwa. Mimi, kwa mchango wangu katika sayansi, nilipewa mabaki.

Na mchango wenyewe ndio unaoniaibisha. Fundi yeyote hapa kwetu humpima mteja juu ya nguo, huingiza vidole viwili chini ya futikamba, kisha huongeza kidogo kwa ajili ya sikukuu, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi kushukuru kwa suruali inayombana. Siku ya kwanza niliwapima hivyo wote. Mwezi wa pili Haroub aliwapima mwenyewe, bila vidole, akivuta kama anayefunga gunia nyuma ya bodaboda. Kila mtu alikuwa amepungua inchi tatu. Mwalimu mkuu alitokwa na machozi. Mimi nami nilijipima, nikabana pumzi, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikaona nimepungua inchi mbili, na huku nakula mabaki ya watu kumi na wanane. Niliamini. Nilimwambia mke wangu kwamba huenda nina mwili wa aina ya pekee, akaniambia hilo halina ubishi.

Mshiriki namba tisa alikuwa Sakinabai, mjane wa Esmail, mwenye duka la viungo barabara ya kumi na mbili. Anakaribia miaka sabini, na akikaanga kitu mtaa wa pili wanameza mate. Yeye peke yake aliisoma fomu yote. Alipomaliza akaigeuza, akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

"Shikamoo, bibi," Haroub alisema.

"Marahaba, baba. Hizi sampuli mnazipima vipi?"

"Kwa njia ya kuzimaliza, bibi. Ikishapimwa hairudi."

"Basi nitaleta kubwa," Sakinabai alisema, akatia sahihi.

Alileta kubwa kweli. Jumatatu biriani ya mbuzi, Jumanne sambusa ishirini, Jumatano kalimati zinazoogelea kwenye shira. Wengine walileta walipokumbuka. Yeye hakukosa hata siku moja. Kila alipoiweka sahani mezani alimtazama Haroub kiunoni, akaguna, akaenda zake. Tulidhani ni mambo ya uzee.

Miezi mitano ikapita na Haroub akapata alichokitaka. Kitambi kilijaa, kikatuna, kikawa kinatangulia kuingia mlangoni. Wauza kahawa wakaanza kumwita mheshimiwa bila kuombwa. Nilimshonea suti ya kijivu, nikaacha vidole viwili. Tiketi ya basi la Arusha, la Jumamosi, alikuwa nayo tayari, na kule kulikuwa na watu waliokuwa wakimngojea kwa hamu mkurugenzi ambaye hawajapata kumwona.

Alhamisi saa saba Sakinabai akaja mikono mitupu. Nyuma yake alikuwapo mtoto wa kaka yake, kijana mwenye koti jeupe. Haroub hakumtazama kijana, alitazama mikono.

"Leo sampuli iko wapi, bibi?"

"Imesimama mbele yangu," Sakinabai alisema. "Vua koti."

Sijui kwa nini alivua. Mwanamke huyo akisema jambo, mtu hujikuta ameshalitenda. Alinivua futikamba shingoni, akaizungusha kwenye tumbo la Haroub bila kuacha kidole hata kimoja.

"Mia na tatu," alisema. "Naushad, si ulisema umepungukiwa na mwanamume mmoja?"

Hapo ndipo Haroub alipomtambua yule muuguzi wa kliniki. Naushad alikuwa amefadhaika kuliko yeye.

"Shangazi, washiriki hawatafutwi hivi."

"Mimi sikutafuta. Nimepika tu."

Kumbe alijua tangu siku ile ya kwanza. Fomu aliitambua, kwa sababu Naushad huja kuzipanga fomu kama hizo kwenye meza ya shangazi yake, akilalamika kwamba wenye vitambi wote wa Tanga wanakimbia sindano. Marehemu Esmail alikuwa na tumbo la namna hiyo hiyo, na lilimwondoa mapema. Sakinabai alipomwona mwembamba mwenye tamaa ya kula, akaenda zake jikoni.

Haroub alichukua koti lake. "Mie Jumamosi nasafiri."

"Safiri, baba. Washiriki wenzangu wako nje. Nimewaambia matokeo yanatangazwa leo. Wengine wanaulizia sampuli zao."

Haroub alifunua pazia kidogo, akamwona mwalimu mkuu mstaafu amekuja na bakora yake ya kazini. Akalifunika taratibu.

"Kijana," alimwambia Naushad, "nipe hiyo fomu nitie sahihi."

"Hapana. Utafiti ni wa hiari, huwezi kutia sahihi ukiwa umeogopeshwa. Utakwenda nyumbani ukafikirie siku tatu."

"Nyumbani sifiki."

"Siku tatu," Naushad alirudia. "Sukari naweza kukupima sasa hivi, ukitaka. Hiyo ni kwa faida yako."

Akamtoboa kidole. Tukasubiri. Naushad alikiangalia kile kipimo mara mbili, kisha akaketi karibu na Haroub, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba imepanda, kwamba bado inaweza kushuka, lakini tumbo hilo akiendelea kulibeba linampeleka pabaya. Haroub alilishika tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa mzigo alioubeba si wake. Nilimhurumia sana, kisha nikakumbuka nani alikuwa anakula mabaki, nikajihurumia zaidi.

Sakinabai alitazama chini. "Sambusa zilizidi," alisema. "Hilo ni kosa langu."

Jumamosi basi liliondoka bila mkurugenzi. Haroub, tuliyemtoa kwa mlango wa uani, alijificha siku tatu stoo kwa Sakinabai, katikati ya magunia ya iliki, akila mchicha wa kuchemsha, na siku ya nne akaenda kliniki kwa miguu yake akatia sahihi. Kompyuta ikampigia kura, ikamweka katika kundi la chakula na kutembea. Kwa hesabu ya Naushad, kabla ya mwaka kwisha kitambi kitakuwa kimekwenda, na kampuni ya Arusha pamoja nacho.

Siku ya sindano nilifunga duka nikaenda kumtazama. Sitaficha, nilikwenda kumcheka. Nilimkuta amelala chali, shati limepandishwa, anasoma kila dua anayoijua na moja aliyoitunga. Naushad aliniona mlangoni. Akanitazama tumboni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akachukua futikamba yake.

"Fundi, simama hapa kidogo."

Nilisimama nikabana pumzi.

"Toa pumzi," alisema.

Nikatoa. Mia na kumi na moja.

Haroub aligeuza kichwa pale kitandani. Hakunicheka, na niliona ni ukarimu mkubwa. Nilimuuliza kwa kunong'ona kama sindano inauma.

"Haiumi hata chembe, Fundi," aliniambia, akinitazama machoni. "Wallahi, kama kung'atwa na mbu."

Nilimwamini. Nikarudi nyumbani nikafikiria siku tatu, zote nikimwamini, nikaenda nikatia sahihi. Inauma.