Mjukuu wa Bi Halina

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Siku kubwa! Jina langu limevuka Barabara ya Jogoo.

Asubuhi Millicent, jirani yetu anayeuza uji kwenye lango la kiwanda, alibisha mlango akiwa na barua mkononi na machozi mashavuni. Nikadhani ni msiba. Kumbe binti yake Ayuma amepata nafasi ya kusomea ufundi wa nguo Polandi, mji wa Łódź. (Nimeuandika kama ulivyo kwenye barua. Hiyo L imechomwa kisu tumboni. Kuitamka nimewaachia wenyewe.)

Shida ni moja. Bweni la chuo limejaa. Chuo kimemtafutia chumba kwa mjane mmoja, Bi Halina, na kwenye ofisi ya viza lazima Ayuma aeleze atakaa wapi na kwa nani. Mahojiano ni Jumatano. Maisha ya kule hayajui: kupanga chumba, kazi, baridi, chochote. Millicent akasema, Baba Ndanu, mtaa mzima wa Mbotela unajua uliishi Polandi, hebu mshike mtoto mkono.

Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Nikakohoa kama profesa.

Sasa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu (Kanyiva, mke wangu, hulitumia kufunikia sufuria tu), niandike ukweli. Polandi nilikaa siku mbili. Mwaka 1983 nilikuwa msaidizi wa mpishi kwenye meli ya mizigo, tukatia nanga Gdynia, bandari ya kule. Nahodha alininyima kibali cha kushuka. Nchi nzima niliiona kupitia dirisha la jikoni, lile la mviringo, nikimenya viazi. Lakini nilikuwa naangalia sana.

Zile siku mbili zimekuwa miaka mitatu polepole, bila mimi kukusudia. Mtu anakuuliza ulikaa sana? Unasema kiasi. Mwingine anaongeza mwezi. Utabishana na watu mpaka lini?

Jumanne, 6 Septemba

Darasa limefunguliwa, sebuleni kwangu. Nimetundika ramani ya dunia. Ni ya zamani, nchi kadhaa za humo zimeshavunjika, lakini Polandi iko.

Ayuma alikuja na kalamu na daftari jipya. Mtoto mwenye adabu. Kila ninalosema anaandika! Nikajiona mkubwa, halafu nikaanza kutoa jasho. Maneno yakiandikwa yanakuwa mazito.

Somo la baridi: kitunguu kibichi kila asubuhi. Somo la kazi: amka alfajiri, simama kwenye lango la kiwanda kama vibarua wa Industrial Area, msimamizi akitoka inua mkono juu kuliko wenzako. Somo la adabu: mpelekee Bi Halina maua dazeni moja. Mzungu anapenda maua, na dazeni haina aibu.

Kisha somo la kupanga, ambalo ni uwanja wangu hasa. Nikamwuliza, hapa Mbotela nyumba yangu iko kwa jina la nani? Akasema la Mzee Luseno. Nikamwuliza, Mzee Luseno yuko wapi? Akasema alirudi Kakamega zamani. Haya! Karani wa nyumba za jiji akija, mimi ni nani? Mpwa wa Luseno. Kanyiva ni mke wa mpwa. Mkamba wa Kitui, na amejifunza kumsalimu karani kwa Kiluhya bila kucheka! Miaka kumi na moja tunalala kwa amani.

Kwa hiyo, nikamwambia, ukiulizwa na mtu wa serikali, usiseme wewe ni mpangaji. Mpangaji ana maswali mengi. Sema wewe ni mjukuu wa Bi Halina.

Ayuma aliacha kuandika. Akauliza polepole, Anko, na hii rangi yangu? Nikamwambia kila familia ina mambo yake. Tukafanya mazoezi, Kanyiva akiwa karani. Kanyiva aliigiza kupita kiasi. Aliuliza maswali magumu kuliko serikali.

Fundi Hirad, yule Msomali mpole wa redio mwenye kibanda mkabala na mlango wetu, alikuwa ameinamia waya zake akisikiliza yote. Akauliza kama kule bado watu huvua viatu mlangoni. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Avue viatu kwenye theluji! Nikamwambia, Fundi, wewe kaa na redio zako. Akatabasamu, akarudi kwenye waya.

Jumatano, 7 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Ayuma aliondoka asubuhi na mama yake, sketi imepigwa pasi mpaka inakata. Mimi nilibaki natembea kutoka mlango hadi jiko. Hatua nane. Nilizihesabu mara nyingi. Kanyiva akaniuliza, mahojiano ni ya nani?

Saa nane nikawaona wanarudi. Millicent mbele. Mwendo wa mtu aliyepewa viza ninaujua. Hakuwa anatembea hivyo.

Kumbe afisa alimwuliza, utakaa kwa nani? Ayuma akasema kwa bibi yangu. Mimi nilimaanisha akishafika! Lakini akajiambia aanze mapema, azoee. Afisa akauliza, bibi yako upande gani? Ayuma akasema upande wa mama.

Millicent alikuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi. Afisa akamtazama Millicent. Millicent akamtazama Ayuma. Afisa akaweka kalamu chini.

Wamepewa mpaka Ijumaa asubuhi walete maelezo kwa maandishi. Yasiporidhisha, faili inafungwa, na chuo kinafungua tarehe moja Oktoba. Nafasi itakwenda kwa mwingine.

Millicent alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, mtaa mzima ukisikia. Baba Ndanu, umenipa mama Mzungu! Mama yangu yuko Vihiga, mzima, anapalilia mahindi! Akaniuliza, sasa huyo mama nitamwambia nini? Nikamwambia asimwambie chochote. Hilo halikusaidia.

Kilichoniumiza si kelele. Ni Ayuma. Hakusema neno baya. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua daftari lake, akauliza, Anko, ni wapi nilikosea?

Sikula. Mimi, Opicho, nimeacha ugali mezani.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimepata dawa! Nimeamka nayo.

Mpishi wa meli aliniambia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakimbizi wengi wa Kipolandi waliletwa Afrika Mashariki wakakaa kambini. Basi je? Bi Halina anaweza kuwa alikuwa mmoja wao, msichana mzuri, akakutana na askari wa Vihiga aliyetoka vitani. Mapenzi! Mtoto! Kutengana! Nikaandika kurasa mbili, ukoo mzima, na mishale. Nikaona hata yule askari kavaa nini. Mwisho nililia kidogo.

Ikabaki kupigwa taipu. Taipureta iliyo karibu ni ile Fundi Hirad anayomtengenezea mwalimu mmoja. Nikavuka, nikampa kurasa, nikamwambia apige haraka, asiongeze kitu.

Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani, akaniambia maneno mengi marefu, yote sh-sh-ch-ch kama mafuta yakiingia maji. Nikadhani ni Kisomali. Nikasema wa alaikumu salamu.

Akasema kwa Kiswahili, hicho ni Kipolandi, Mzee Opicho. Nilikuuliza kama huyo askari alikuwa mrefu.

Dunia ikasimama. Redio zote kibandani zikaonekana kunitazama.

Kumbe Hirad alisoma mambo ya umeme kulekule Łódź, miaka mitano, kabla vita vya kwao havijamleta Nairobi. Miaka mitatu anakaa mbele yangu na hajasema! Mimi ningeandika kwenye paji la uso.

Akaniuliza kwa upole, wewe ulikaa mji gani? Gdynia. Mtaa gani? Karibu na bandari. Upande gani wa bandari?

Nikasema, upande wa maji.

Nikangoja acheke. Hakucheka, na hapo ndipo niliona aibu hasa. Akasema tu, walahi, karatasi hizi zikifika pale, huyu msichana hataona Polandi wala picha yake. Afisa atamwuliza Bi Halina, na Bi Halina atasema ukweli, kwa sababu hana haja ya kudanganya. Kule mwenye nyumba huenda na mpangaji ofisini, wanaandikisha anwani pamoja, pasipoti mezani. Mpangaji si aibu. Akasema nimlete Ayuma, lakini kwanza nimwambie mimi mwenyewe kwamba maneno ya mjukuu hayakuwa sawa. Likitoka kwa fundi wa redio, ataendelea kuniamini mimi.

Nilisimama kwenye tope kitambo. Mawazo mabaya yalinijia. Niseme Hirad ni mwongo? Niseme taipureta imekufa? Lakini niliona ile sketi iliyopigwa pasi.

Nikaenda kwa Millicent, nikamkuta na Ayuma. Nikakiri! Nikasema kwa sauti ya ujasiri: mambo yamebadilika kidogo tangu wakati wangu.

Millicent akaniuliza, yamebadilika, au hayakuwepo?

Nikasema, Mama Ayuma, hayakuwepo. Nilikosea. Halafu nikainua macho. Paa halikuanguka.

Jioni Hirad alipiga taipu barua fupi, mistari saba. Mimi ni mpangaji. Bi Halina si ndugu yangu. Nilisema vile kwa hofu, naomba radhi. Barua yake ya kunipokea nimeambatisha. Basi. Hakuna askari, hakuna mapenzi. Barua kavu kama mkate wa juzi. Nilipendekeza mshale mmoja tu. Wakakataa wote.

Ijumaa, 9 Septemba

Saa moja wameondoka. Saa mbili hakuna kitu. Saa tatu nimekwenda kwa Hirad, nikakaa kwenye ndoo. Yeye anachomelea waya, mimi natafuna kucha. Saa nne nimemwuliza kama mistari saba si michache. Saa tano nimemwuliza tena. Akanipa redio nishike ili mikono iwe na kazi. Nimeiangusha.

Saa sita na nusu, kigelegele! Kutoka kona ya kisima! Millicent anakimbia kanga ikipepea, Ayuma nyuma anacheka na kulia pamoja. Viza imetoka!

Ayuma alinisimulia. Afisa alisoma, akatabasamu, akamwuliza ni nani alimfundisha ya mjukuu. Ayuma akasema, ni mzee mmoja wa mtaani kwetu anayetutakia mema. Jina hakulitaja, hata alipoulizwa mara ya pili.

Nimeingia ndani. Nimemwambia Kanyiva haya machozi ni ya kitunguu. Kanyiva akasema hakuna kitunguu humu ndani tangu Jumanne, umempa Ayuma vyote.

Jumapili, 25 Septemba

Karamu ya kumuaga Ayuma. Wapishi wametoka mpaka mtaa wa Ziwani. Kiti cha mgeni wa heshima kilikuwa na kitambaa cha maua. Kwa wiki mbili nilikuwa nakiota hicho kiti. Kapewa Hirad.

Halafu Hirad akatoa amri: ili Ayuma azoee, wote tuvue viatu mlangoni. Mimi! Soksi yangu ya kushoto ina dirisha, na la mviringo. Kidole kikubwa kikatoka kuwasalimu wageni. Niliketi juu ya mguu mpaka ukafa ganzi.

Hirad akampa ushauri, Ayuma akaandika kwenye ukurasa mpya. Mkataba wa chumba uwe na sahihi mbili, nakala moja ubaki nayo. Usiguse kazi kabla ya kuuliza chuoni kama karatasi zako zinaruhusu. Tikiti ya tramu unaitoboa mwenyewe ukipanda, usingoje makanga aje kukata tikiti, hakuna makanga. Maua yasiwe dazeni. Idadi isiyogawanyika kwa mbili ni ya walio hai, inayogawanyika ni ya kaburini. Nikaangalia dari. Dazeni ile! Ningemzika Bi Halina mlangoni pake.

Ikafika zamu ya zawadi. Nimempa koti langu zito la kijivu, lile ambalo mtaa mzima unajua nilirudi nalo kutoka Polandi. Hirad alipapasa kitambaa, akageuza kola, akaona kile kibandiko cha muuzaji wa mitumba wa Gikomba ambacho hakijawahi kutoka. Akakichomoa kwa ukucha, akakitia mfukoni mwake. Akasema kwa sauti, koti zuri, litamfaa.

Kisha akasogea kwenye kiti cha maua, akaniachia nafasi kando yake. Tulikaa nusu nusu. Hakikutosha, lakini tulikaa.

Jumatano, 28 Septemba

Ayuma ameruka jana. Nyumba ya Millicent iko kimya. Nimepita mara mbili kusalimu bila sababu.

Leo karani wa nyumba amekuja. Mtu mpya, kalamu mpya. Kaniuliza, wewe ni nani hapa? Niliwaza ile barua ya mistari saba. Niliwaza kwa dakika nzima. Nikasema, mpwa wa Luseno. Upande gani? Upande wa mama. Kanyiva akatokeza kichwa, akamsalimu kwa Kiluhya. Karani akaandika, akashukuru, akaenda zake. Unaona? Njia yangu haina kasoro. Ni Polandi tu hawajaizoea.

Jioni amekuja Simiyu, yule kijana wa mtaa wa Lucky Summer anayechomelea mageti. Amepata kazi Norwe, kwenye kiwanda cha samaki, na hajui kitu kuhusu maisha ya huko. Alikuwa anaelekea kibandani kwa Hirad. Nimemuwahi.

Nimemwambia aje kesho na daftari. Norwe naijua. Meli yetu ilipita karibu sana. Kulikuwa na ukungu, lakini nilikuwa naangalia sana.