Kicheza Muziki cha Kuwaaga Darasa la Kumi na Mbili

Alhamisi, 7 Mei
Habari kubwa. Mwalimu Zhechkova wa fizikia, ambaye pia husimamia redio ya shule, anatafuta mtu wa kuwapigia muziki darasa la kumi na mbili Jumatano, siku ya kuwaaga. Atakayefaulu atapewa chumba cha redio mwaka mzima ujao. Chumba kina kiti kinachozunguka na dirisha linalotazama uwanja. Humo mtu anaweza kusikika na shule nzima bila kuonekana na yeyote. Sijawahi kutaka kitu kiasi hiki.

Nikanyoosha mkono. Lyuben wa darasani kwetu naye akanyoosha, akasema anahitaji simu yake na waya mmoja tu. Mimi nikasema nitatumia kompyuta ya redio, ile yenye mfumo wa Linux, na kwamba kazi ya kwanza ni kuchagua kicheza muziki, yaani programu ya kupigia nyimbo, kwa utaratibu. Mwalimu akasema haya, Zahari, yaani mimi, aanze, Lyuben awe wa akiba. Lyuben akaniuliza utaratibu gani tena, profesa, si unabonyeza tu ile pembetatu? Hajui kitu.

Ijumaa, 8 Mei
Nimesakinisha vitatu. Cha kwanza kizuri, ila majina ya nyimbo za zamani yanatokea kwa yale tunayoyaita maandishi ya nyani: herufi zetu za Kibulgaria zote zimegeuka vikofia na nukta. Nimekifuta. Cha pili kinasoma herufi zetu, lakini hakina mandhari nyeusi. Nimekifuta. Cha tatu hakina kitufe hata kimoja, unakiandikia amri tu. Nilikipenda mno. Mwalimu alikuja, akatafuta pa kuzimia muziki, hakupaona, akachomoa waya ukutani. Nimekifuta kwa huzuni.

Jumapili, 10 Mei
Lyuben alipita nyumbani. Mama akamkaribisha banitsa, ile pai ya jibini, akala vipande vinne. Akauliza nyimbo ziko wapi. Nikamwonyesha jedwali langu: vicheza muziki tisa, vigezo ishirini na sita. Akasema kaka, watu wanataka kucheza, si kuoa. Mama alicheka mpaka akakaa. Yuko upande wake.

Jumanne, 12 Mei
Nimekipata! Ni cha saba. Wimbo ukikaribia kwisha unafifia, na unaofuata unapanda chini yake polepole. Hakuna ukimya hata kidogo. Ukimya ndio unaonitisha, maana watu hugeuka kutazama dirishani. Kilikuja na sekunde tatu za kuchanganya. Nimeweka kumi na mbili, kwa heshima ya darasa la kumi na mbili.

Nimejaribu kwa nyimbo mbili za piano. Safi. Mwalimu alitaka tujaribu kwa nyimbo zenyewe za horo, ngoma yetu ya kushikana mikono. Nikamwambia hakuna haja, kanuni ni ileile.

Jumatano, 13 Mei
Wahitimu walitoka mlangoni, wakahesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili kama ilivyo desturi, mama zao wakalia. Kisha wakashikana mikono kwa horo, mkuu wa shule Bi. Gancheva akiongoza na leso yake. Watu themanini, mstari mmoja, mapigo mawili mawili. Nilijihisi mrefu.

Wimbo wa pili ulikuwa paydushko, ule wa mapigo matano, wa kuchechemea. Kwa sekunde kumi na mbili nyimbo zote mbili zikalia pamoja. Waliokuwa mbele wakaanza kuchechemea. Wa nyuma wakaendelea na ule wa kwanza. Wa katikati wakajaribu yote mawili, wakaanguka. Bi. Gancheva akavutwa nyuma, akakalia shada la maua. Nilitafuta kitufe cha kusimamisha. Nilikuwa nimekificha ili skrini ipendeze.

Lyuben, aliyekuwa kando yangu kama akiba, akachomoa waya wa kompyuta, akachomeka simu yake. Wimbo ukalia, ukaisha. Kimya. Watu wakapumua, wakacheka, wakapanga miguu upya. Wimbo mwingine. Wakacheza saa nzima bila mtu kuanguka.

Alhamisi, 14 Mei
Nilikwenda kurudisha ufunguo. Mwalimu akasema wahitimu wamekuwa wakitazama video ya lile anguko tangu asubuhi, na wanasema hawajawahi kuagwa vizuri hivyo. Bi. Gancheva hakuumia, ila hapendi kuulizwa. Lyuben amekikataa chumba: eti atajifungiaje ndani na watu wote wako nje? Kwa hiyo ni changu, kwa sharti moja, kwamba niwe nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Nikasema nimeelewa kabisa. Akaniachia ufunguo.

Ninaandika nikiwa kwenye kiti. Kinazunguka kweli.

Kosa liko wazi. Sekunde kumi na mbili ni chache mno, watu hawakupata muda wa kuzoea. Kipo kicheza muziki cha kumi kinachofika thelathini. Tarehe kumi na tano Septemba shule inafunguliwa, na Bi. Gancheva ataongoza horo kama kawaida. Ninakisakinisha sasa hivi.