Nafasi ya Thelathini na Nane

Leo nimepata aibu. Si ile ya kusahau kufunga zipu. Hii ni ile ya kutaka kuhamia kaunti nyingine.

Nianze mwanzo, kwa sababu wengine wenu mtasikia habari hii kanisani kesho ikiwa imeongezwa chumvi, na haihitaji chumvi.

Mnajua kwamba tangu mwaka jana nimekuwa nikifanya mazoezi ya traiathloni. (Mnajua kwa sababu nimewaambia. Nimewaambia sana. Samahani kwa picha za magoti.) Kwa asiyejua: unaogelea karibu kilomita mbili, unapanda baiskeli kilomita tisini, halafu ukishuka unakimbia ishirini na moja. Yote siku moja, kwa hiari yako mwenyewe. Miezi minane nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nimepanda na baiskeli mpaka juu ya vilima vya Iveti, nimekosa harusi ya binamu yangu, nimekataa chapati. Mwende, mke wangu, alifika mahali akawa ananiita mgeni.

Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni Mwalimu Kaluki. Wengi wenu mnamfahamu: alikuwa mwalimu mkuu, akastaafu mwaka juzi. Mama huyu ana miaka sitini na mbili na anapanda mlima na baiskeli akiwa anaongea. Ndiye aliyenifunza kuogelea. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita goti. Kwenye bwawa la hoteli moja alinishika mgongo kwa mkono mmoja akaniambia, "Kyalo, lala. Lala kama mtu amechoka na wageni." Nikalala. Nikaelea. Nilitaka kulia.

Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu mashindano haya mara mbili na hajawahi kumaliza. Mara ya kwanza mnyororo ulikatika. Mara ya pili misuli ilimkaza majini akatolewa na mtumbwi. Mwaka huu daktari alimwambia goti lake halitaki tena, kwa hiyo leo ilikuwa ya mwisho. Nilijua hayo yote. Nayaandika hapa mapema ili baadaye mtu asinitetee.

Mashindano yenyewe yalikuwa kwenye ranchi moja upande wa Konza, ambako kuna bwawa kubwa la maji ya ng'ombe. Tulikuwa watu sitini hivi. Mwalimu alipewa namba 38, mimi 36. Baiskeli zilitundikwa kwa safu kufuata namba. Wa 37 hakutokea, kwa hiyo yangu na yake zikakaa bega kwa bega. Na zinafanana. Zote nyeusi na nyekundu, zote za mitumba, zote tulichagua siku moja duka moja, kwa sababu nilipoona yake nilisema na mimi nataka kama hiyo hiyo.

Sasa, miwani. Bila miwani naona watu kama nguo zilizoanikwa. Nilimwachia Mwende anishikie, tukakubaliana asimame mlangoni mwa hema la kubadilishia nguo. (Ndiyo, kazi yangu ni kuuza miwani. Endeleeni kusoma.)

Wanaume tulianza saa moja kamili, wanawake wakafuata nusu saa baadaye. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilipigwa teke la sikio, nikameza kitu ambacho sikutaka kujua ni nini, lakini nikaogelea. Saa mbili na dakika tano nikatoka nikiwa hai, na watu wa mwisho kabisa, lakini hai. Nikakimbia hemani. Nikavaa viatu na helmeti. Nikamtafuta Mwende. Mlangoni kulikuwa na nguo nyingi zimeanikwa, hakuna iliyoniita jina.

Alikuwa upande ule mwingine wa hema. Kuna milango miwili. Angechukua dakika moja kunizungukia, nami nikaona dakika hiyo ni nyingi. Nikajiambia: lami ni lami, utaiona.

Nikafika kwenye safu. Nyeusi na nyekundu. Namba ina tatu mbele, na ya pili ni duaraduara. Nikachomoa, nikasukuma mpaka lango. Mtu wa lango aliangalia kifua changu, akanipungia mkono nipite.

Jambo la kwanza nililoona ni kiti. Kiti kilikuwa chini. Nilikuwa nakanyaga huku magoti karibu yaguse kidevu, kama mtu mzima kwenye kibaiskeli cha mtoto. Nikafikiri nati imelegea njiani. Kusimama kuangalia? Hapana, nina haraka.

Jambo la pili lilikuwa kengele. Nilipita mbuzi, kidole kikagusa kitu, kikalia kring. Sikumbuki kununua kengele. Lakini mbuzi walitoka barabarani, kwa hiyo sikuuliza.

Jambo la tatu lilikuwa chupa. Mimi huweka maji ya glukosi. Nikavuta, nikapata uji wa wimbi. Mtamu, umetiwa ndimu, bado una joto kidogo. Nikafikiri Mwende ameamka usiku kunipikia. Roho ikanilainika kabisa. Nikakunywa nusu, nikimwombea baraka, nikiapa kwamba nikirudi nitapanga vyombo mwenyewe mwezi mzima. Baada ya kilomita chache nikamaliza nusu ile nyingine.

Kwenye kilomita ya kumi hivi kulikuwa na meza ya maji. Watu wawili walitoka barabarani wakipunga mikono. Upepo wa huko Konza mnaujua, haukuachii neno zima. Nilisikia, "Thelathini na nane! Thelathini na nane!"

Nikafikiri wananitajia nafasi yangu.

Jamani. Nafasi ya thelathini na nane kati ya watu sitini! Mimi niliyetoka majini na watu wa mwisho! Hesabu haikuingia akilini, lakini moyoni iliingia. Nikainua mkono kuwashukuru.

"Shuka! Shuka!" wakapiga kelele.

Na kweli mbele barabara ilikuwa inashuka. Nikaona hawa ni watu wema sana, wananielekeza njia. Nikainama juu ya usukani, nikakanyaga kwa nguvu zote, nikashuka kama nimetumwa.

Meza ya pili, mtu mmoja alisimama katikati ya lami, kiganja mbele. Nikafikiri anataka salamu, nikampiga kiganja kwa changu, nikapita.

Haukupita muda nikasikia honi nyuma yangu. Pikapu nyeupe. Ilikuja ikakaa sambamba na mimi, mtu amesimama nyuma akishika vyuma. Nikajua tu ni mpiga picha. Nikanyoosha mgongo, nikatabasamu, nikainua kidole gumba. Nikakaa na hilo tabasamu muda mrefu, kwa sababu picha haikuwa inaisha.

"Kyalo."

Sauti hiyo ningeitambua hata ndani ya maji. Nikakaza macho. Alikuwa Mwalimu Kaluki, helmeti kichwani, shuka la mtu limefungwa kiunoni, nywele zinadondosha maji.

Kitu cha kwanza kuingia kichwani mwangu kilikuwa huruma. Mwalimu ameshindwa tena. Ameshindwa mapema hivi, na bado amekuja na gari kunishangilia mimi mwanafunzi wake. Machozi yakanilengalenga.

Nikasema, na hapa naandika neno kwa neno, "Mwalimu, umeacha? Pole sana, mwaitu, mama yangu. Usijali. Nitamaliza kwa niaba yetu wawili."

Dereva alizima redio.

"Kyalo," akasema, taratibu, ile taratibu ya mwalimu mkuu akiwa na barua yako mkononi, "teremka kwa baiskeli yangu."

Nikateremka. Nikashika usukani, nikainamia ile namba mpaka pua ikaikaribia. Tatu. Nane.

Ng'ombe walikuwa wanatuangalia kutoka upande wa pili wa waya. Msimamizi wa mashindano, mzee mwenye filimbi shingoni aliyekuwa ameketi mbele na dereva, alitoka akaniandika kwenye daftari lake. "Thelathini na sita, umetoka. Umetumia baiskeli ya mwenzako." Halafu akamgeukia Mwalimu. "Mama, tutakurudisha bwawani uanzie pale ulipostahili kuanzia. Lakini saa haijasimama. Sehemu ya baiskeli inafungwa saa saba na nusu mchana kwa kila mtu; atakayechelewa haendi kukimbia."

"Kwani hamwezi kumwongezea muda?" nikauliza. "Makosa ni yangu."

"Sheria haiangalii makosa ni ya nani," akasema. "Ingia gari."

Tulipanda nyuma ya pikapu, mimi, Mwalimu, na baiskeli imelala katikati yetu. Alikuwa ametoka majini dakika kumi na tano tu nyuma yangu, ilhali alianza nusu saa baada yangu. Kuogelea kuzuri kuliko kote maishani mwake. Alikimbia kwenye safu akapata nafasi tupu na baiskeli yangu imening'inia kando, kiti kiko juu ambako mguu wake haufiki, na hakuna aliyekuwa na spana. Hayo aliniambia baadaye. Kwenye gari alisema mambo mawili tu.

"Uji wangu uko wapi?"

"Nimekunywa."

"Wote?"

"Wote, Mwalimu."

Akageuza uso akaangalia nyasi mpaka tukafika. Ule uji ndio ulikuwa chakula chake cha kilomita tisini. Aliuamkia saa tisa usiku kuupika. Mke wangu alikuwa amelala.

Tulipofika, Mwende alikuwa amesimama karibu na baiskeli yangu, iliyobaki peke yake kwenye safu nzima, miwani yangu mkononi. Alinivisha miwani usoni mwenyewe, kama unavyovisha mtoto, akaniangalia kuona kama sasa naona. Nikaona. Nikaona kila mtu alikuwa ananiangalia.

"Nilikuita mara tatu," akasema. "Ulikuwa unakimbia."

Mwalimu hakupoteza muda. Mwende alimpa chupa yangu ya glukosi na ndizi mbili, na saa tatu na nusu akatoka. Nilimsukuma mpaka kwenye mstari. Goti lake la kulia tayari lilikuwa limevimba.

Nilikaa pale kwenye kamba ya lango kutoka saa hiyo. Watu walianza kurudi, wakaacha baiskeli, wakaenda kukimbia. Mmoja aliuliza kama mimi ndiye yule wa uji. (Habari ilitangulia.) Nilisema ndiyo. Niliwaza vitu vingi. Sikuwaza miwani. Niliwaza kwamba kiti kiliniambia, kengele ikaniambia, uji ukaniambia, na watu wazima watatu wakaniambia, kwa kelele na kwa kiganja. Yote niliyageuza yakawa sifa zangu. Nilikuwa na hamu ya kushangiliwa mpaka sikubakisha sikio la kusikia kitu kingine.

Saa saba na robo hakuwa ameonekana. Saa saba na dakika ishirini na tano nikaona kofia kwenye mlima wa mwisho, nikapiga kelele, kumbe ni mtu mwingine. Saa saba na nusu msimamizi alipiga filimbi, akavuta kamba.

Alifika saa saba na dakika thelathini na tisa.

Dakika tisa. Kama ningetoa ile dakika moja niliyokataa kumsubiri Mwende, nyingine zote zingekuwepo.

Hakubishana. Aliangalia saa, akaangalia kamba, akashuka polepole akishikilia kiti. Akanipa baiskeli niishike. Halafu akakaa kwenye nyasi akaanza kuvua soksi, na mimi nikachuchumaa mbele yake.

"Mwalimu, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini hasira bado iko. Uiache iishe yenyewe."

"Sawa."

"Usinipikie, usininunulie kitu, usije na watu nyumbani kuniomba msamaha."

"Sawa, Mwalimu."

Mwende alileta maji. Mwalimu alikunywa, akamwaga mengine kwenye goti. Tulikaa tukiangalia wale wengine wakikimbia mbali kwenye vumbi, wadogo kama sisimizi. Alikuwa akiwaangalia kwa namna ambayo sitaisahau haraka.

"Unajua linalonisumbua?" akasema mwishoni. "Ni kesho. Nilitangaza kanisani. Kina mama watatu wamenishonea leso ya kuvaa nikitoa shukrani. Sasa kila mtu atakuja kunisalimia, 'Mwalimu, umefika nambari ngapi?' Nami nianze kueleza habari ya uji, mtu baada ya mtu, mpaka mlangoni."

"Nitawaeleza mimi."

"Utawaeleza vipi?"

"Nitaandika. Wote wako kwenye lile grupu la simu."

Akafikiri. "Basi andika leo. Na usiandike kwamba ni miwani."

Nimeandika. Sasa ni saa kumi na mbili jioni, nimeketi nyuma ya nyumba, miguu kwenye beseni, na Mwende anasoma kila sentensi juu ya bega langu kuhakikisha sijajipendelea.

Mnaotaka kucheka, chekeni, nimeshazoea tangu asubuhi. Ila kesho Mwalimu Kaluki akiingia kanisani, tafadhali mtu asimwulize amefika nambari ngapi. Mwambieni tu leso imempendeza. Swali hilo nileteeni mimi. Nitakuwa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.