Kitambaa cha Fono na Blanketi la Mama Mkwe

Rafiki zangu, leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Mchana kweupe!

Mnaijua fono yangu ya kuzungusha kwa mkono, gramafoni ile niliyonunua Usumbura. Kitambaa cha kulazia santuri kilikuwa kimetafunwa na panya, na leo ndiyo tulikuwa tunapeleka mahari Bwegera. Furaha, mchumba wangu, alikuwa ameomba jambo moja tu: "Weye uje na fono. Minye nataka kusikia muzuri, hapana kukwaruza-kwaruza."

Basi asubuhi nikajifanya fundi. Nikaweka ngozi ya ng'ombe wa Mulenge: mwimbaji akakauka koo. Nikaweka mpira wa tairi: akashikwa na mafua. Nikaweka kipande cha kitenge: santuri ikateleza, ikawa inacheza yenyewe. (Majirani walivumilia. Mungu awabariki.)

Ndipo nikaliona mezani blanketi jipya la kumpelekea mama mkwe pamoja na mahari, limekunjwa vizuri. Kaduara kadogo pembeni, nani ataona? Nikachukua mkasi. Mkasi ukagomagoma. "Hili blanketi nene kweli," nikajisifu kwa kuchagua mali. (Akili ya bwana harusi hiyo!) Nikakalaza kaduara chini ya santuri. Jamani! Sauti ikatulia, utadhani mwimbaji amevuta kiti karibu yangu.

Tukafika Bwegera. Kwa desturi ya pale kwao, mama mkwe hujifunika blanketi mbele ya watu kuonyesha kwamba amempokea mkwe. Shangazi yangu akamkabidhi. Mama akalikunjua, akalitandaza mabegani.

Matundu manne! Kila moja kubwa kama sahani ya chakula. (Nililikata likiwa limekunjwa tabaka nne.)

Mjomba wa Furaha akasimama. "Bulangeti iko na macho ine! Hawa watu wanatuchekelea? Warudishe vitu vyao!"

Furaha akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Nikajua analia. Nikajua nimempoteza.

"Ni minye, mama," nikasema, macho chini. "Nilikata kipande ya kutia kwa fono. Furaha alitaka kusikia muzuri."

Mama akanyoosha kidole kwenye fono. "Uipige," akasema.

Nikazungusha. Muziki ukatoka laini. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Hata mjomba akakaa.

"Mutu anaharibu bulangeti yangu sababu ya masikio ya mutoto wangu?" mama akasema. "Huyu minye simurudishi. Keti, baba, ukule."

Akapitisha mkono kwenye tundu moja, akanisogezea wali. Nilimpenda mama yule mpaka machozi yakanilengalenga. Nikala.

Kumbe Furaha hakuwa akilia. Tafadhali, nyinyi msicheke. Yeye anatosha, ameanza saa nane na mpaka sasa hajamaliza.