Trafiki Wangu Mmoja

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimealikwa! Yaani, nimejialika. Nilijaza fomu ya kongamano la wanablogu na teknolojia huku mtoto akinivuta hereni. Ni kesho na keshokutwa. Atakuwepo mhariri wa jarida, mwanamke, anayetafuta mama wa kuandika ukurasa wa malezi kila wiki. Mama mmoja tu. Lazima niwe mimi! Blogu yangu ni ya kulaza watoto. Makala inayosifiwa kuliko zote (na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, askari wa trafiki) inaitwa "Mtoto Wako Atalala kwa Dakika Tano". Wangu ana miezi minane na hajalala vizuri tangu azaliwe. Mhariri hana haja ya kulijua hilo. Mpango: mtoto abaki na baba yake, mimi niende na uso uliopumzika. Uso wenyewe nitauazima wapi, sijui.

Ijumaa, tarehe 7

Aibu. Ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe, bila kusukumwa.

Wenzangu kitambulisho cha shingoni kimeandikwa "Mtaalamu". Changu, "Mgeni". Nikakigeuza. Kumbe upande wa pili kuna ratiba ya chai! Watu watatu wamenisimamisha kuuliza maandazi yanatoka saa ngapi. Kila mtu ana kompyuta nyembamba kama sahani. Mimi nikatoa daftari, likafunguka penye uji uliokauka.

Wakati wa chai nikajisogeza kwa mhariri. Tayari alikuwa na Bi Taa. Nimempa jina hilo mwenyewe, maana hutembea na taa yake ya kujipigia picha. Naye huandika malezi. Mhariri akaniuliza, kwa upole kabisa, nina trafiki kiasi gani. Nikashangaa habari za shemeji zimemfikiaje. Nikamjibu ninaye mmoja tu, husimama pale kwenye mzunguko wa barabara, hajambo, ila miguu inamsumbua.

Mhariri akashusha kikombe chake.

Bi Taa akacheka mpaka taa ikatikisika. Akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba trafiki ni watu wanaoingia kwenye blogu yako. Yeye anao elfu arobaini, mpenzi. Nikasema nilikuwa natania. Hakuna aliyeniamini, hata mimi.

Nimerudi nyumbani nikachungulia takwimu. Msomaji wiki hii: mmoja. Nikampigia shemeji. Akakiri ndiye, shem, huwa anasoma magari yakipungua. Kumbe sikukosea hata kidogo! Ndiyo maana inauma.

Jumamosi, tarehe 8

Mpango mpya: leo kila mwanablogu anapewa dakika mbili jukwaani. Niseme kwa utulivu, nishuke kabla ya maswali.

Nikapanda. Nikasema dakika tano tu, mama mwenzangu, na mtoto analala fofofo. Mhariri alikuwa anaandika! Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Shemeji. Sare nyeupe, kofia, mtoto begani akilia kama king'ora. Mume wangu alikuwa ameitwa kazini ghafla, akamkabidhi mdogo wake mtoto. Shemeji hakujua apite wapi, basi akafanya alichozoea: akanyoosha mkono juu.

Ukumbi mzima ukasimama. Karibu wote walikuwa wameegesha magari kwenye njia ya waenda kwa miguu. Walivyokimbia! Bi Taa mbele, taa yake imebaki kitini inawaka.

Tukabaki mimi, mhariri na shemeji, ambaye aliniuliza kwa sauti, kwa nia njema kabisa, eti shem, ile ya dakika tano nimeijaribu mara kumi na moja, labda kuna mstari nimeruka?

Nikakaa ukingoni mwa jukwaa nikamnyonyesha mwanangu. Kwa hilo simwombi mtu radhi. Lakini ule uongo uliniwasha masikio. Nikamwambia mhariri ukweli wote: mtoto halali, nami niliandika makala ile nimejifungia chooni, nalia, ili nipate dakika tano zangu. Akafunga daftari lake. Akasema hiyo ya chooni angeisoma. Niiandike kama ilivyo, nimtumie Jumatano, ukurasa huenda ukawa wangu.

Jumatano, tarehe 12

Niliiandika. Chooni, machozi, yote. Mume wangu akaisoma, akaniambia nenda kalale, mtoto nipe mimi. Nami nikaisoma tena. Aibu! Mama mkwe je, akiiona? Nikafuta yote. Nikatuma "Mtoto Wako Atalala kwa Dakika Tatu". Mbili nimepunguza mwenyewe, ionekane utafiti umeendelea.

Jibu limekuja kabla ya saa sita mchana. Ukurasa amepewa Bi Taa. Makala yake ya kwanza inahusu mwanawe asiyelala, na jinsi anavyowasha ile taa ili makunyanzi ya uchovu yasionekane.

Nimelia kidogo. Mtoto akanishika pua, nikaacha.

Sasa, mwezi ujao kuna kongamano la wanablogu wa mapishi. Jana niliunguza sufuria ya maji, lakini nani ataniuliza? Nimeshajaza fomu. Penye trafiki nimeandika mmoja, ila mwaminifu. Halafu wanauliza blogu yangu iko kwenye jukwaa gani. Nimewajibu lolote litafaa, mradi lisiwe refu sana, maana nitapanda na mtoto.