Habari za Faquir bin Buanali na Plaka Iliyovuka Ruvuma

Nyamazeni, enyi watu wa ghuba ya Tungue. Mwenye kikombe cha kahawa na akishushe, mwenye kesi na jirani aiahirishe hadi alasiri, maana nawasimulia habari za Faquir bin Buanali, mchapa barua, bwana wa fotokopi, ambaye katika mwaka wa tatu tangu gesi ionekane chini ya bahari yetu alimpasua mnyama wa bati kwa mikono yake miwili, akamtoa uti wa mgongo, akamtia mwingine, na mnyama akaishi. Wasiocheka wakae mbele. Wanaocheka wakae nyuma, wasinipotezee maneno.

Mnyama huyo alikuwa kompyuta ya mezani, umri wake miaka kumi, nayo ilizimika Jumatano asubuhi ikiwa na barua ya Chamima tumboni. Chamima ni mdogo wake Faquir. Alikwisha maliza darasa la kumi na mbili, juu ya Kiswahili chetu anajua Kireno, Kimakua na Kiingereza cha kumtosha, na kampuni moja ya kambi ya gesi ilikuwa inatafuta mkalimani. Barua ya maombi sharti ipigwe chapa na ifike ofisini kwao kabla ya swala ya Ijumaa, na mashine nyingine ya kuchapa pale mjini Palma ilikuwa na foleni ya siku nne. Akiikosa kazi hiyo angerudi kijijini Nhica kumlimia bibi yake mpunga, na Faquir alijua kwamba safari hii akirudi hatoki tena. Hilo lilimuuma kuliko hasara ya mashine.

Akatuma neno ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Tanzania. Ijumaa, saa tatu asubuhi, akaingia Mshamu wa Mtwara, muuza vitenge, mvukaji wa kivuko cha Namoto, mkononi ana plaka mpya, ule ubao wa kijani wa ndani unaoshika kila kitu, umefungwa kwa chandarua na mifuko mitatu ya plastiki.

"Bwana Faquir," akasema, amesimama mlangoni, kuketi hataki, "mtumbwi ulipoinama niliinyanyua hii juu ya kichwa, vitenge vyangu nikaviacha vilowe. Sasa isipowaka, usinitazame mimi."

"Nimekusikia, ewe uliyelowa kwa ajili yetu," akajibu Faquir. "Ikiwaka, jina lako litatajwa. Isipowaka, nitanyamaza kama mtu mzima."

Akashika bisibisi. Skurubu nne zikasalimu amri. Ya tano, yenye kutu, ikapigana mpaka damu ya kidole gumba ikamwagika, matone mawili, nasi tumeyahesabu. Ubavu wa bati ukaanguka, na shujaa akarudi nyuma hatua moja, kwani plaka ya zamani ilikuwa nyeusi tii, imegandwa na utandu wa kunata, na ndani ya mashine ikatoka harufu ya nyumba yenye Maulidi.

Ulikuwa ubani. Kila Ijumaa mama yake, Bi Haula, hukifukiza kibanda cha fotokopi ili riziki isikimbie, na kwa kuwa aliona moshi unaingia vizuri kwenye matundu ya ubavuni, alizoea kukisogeza chetezo hapohapo, akisema, "Chombo hiki kinapenda, kinavuta chenyewe." Kilivuta miaka sita. Na sasa Bi Haula huyo alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, chetezo mkononi, makaa yamekolea.

Skurubu ya tano haikumtisha Faquir kama jambo hili.

"Mama," akasema, "dua zako ndizo zilizotufikisha hapa. Lakini moshi wa ubani umeganda humu. Nakuomba, mzazi wangu, leo fukiza mlangoni, uwafikie wateja, na huku ndani uniachie mimi."

Bi Haula akaitazama plaka nyeusi. "Kwa hiyo nimeiua mimi."

"Imekufa kwa baraka, Mama."

"Usinifanye mtoto, Faquir." Akatoka, akaketi kizingitini, akaifukiza barabara nzima.

Plaka mpya ikaingia. Nyaya zikarudi, disko la zamani, kisanduku cha kumbukumbu chenye barua, likafungwa mahali pake, Faquir akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Saa nne na nusu. Akabonyeza tena, na mara ya tatu, na Mshamu akaanza kutazama nje.

Chamima alikuwa amekaa juu ya ndoo tangu asubuhi. "Kaka," akasema taratibu, "kama haiwezekani niambie tu, nikafunge mzigo."

"Haufungwi mzigo hapa mimi nikiwa na bisibisi," akasema Faquir, naye alikuwa anaogopa kweli. Akainama, akapapasa, na pembeni kabisa ya plaka akaona tundu la mraba lenye matobo manne, na juu yake unaning'inia waya alioung'oa mwenyewe asubuhi akausahau. Akauchomeka. Ukalia tak. Nuru ikaja.

Mashine ikauliza maswali mengi kwa Kiingereza, Faquir akayakubali yote. Barua ikafunguka, printa ikakohoa, karatasi ikatoka saa tano na dakika arobaini. Chamima akaikwapua ingali moto, akashika njia, viatu mkononi.

Hakuna aliyesoma tarehe. Plaka mpya ina saa yake, haijarekebishwa, na mashine ile hujiandikia tarehe juu ya barua bila kuulizwa: Palma, 1 Januari 2008.

Karani wa ofisi ile alikuwa mtu wa utaratibu. Maombi mia mbili na kumi aliyapanga kwa tarehe ya barua, ya zamani juu, na shefi wake, mkubwa wa ofisi, huita kuanzia juu. Akaisoma barua, akamwangalia Chamima.

"Dada, wewe umesubiri muda mrefu."

"Mrefu sana," akajibu Chamima, na hakusema uongo.

Karatasi ikapigwa muhuri, ikawekwa juu ya zote. Jumatatu akaitwa wa kwanza, akaulizwa kwa lugha nne, akajibu kwa nne, akapewa kazi.

Basi andikeni, wenye kalamu, na wasomeeni wajukuu: kabla ya meli za utafiti, kabla ya kambi na uzio wake, miaka miwili kabla binadamu yeyote hajajua kuna gesi, binti wa Tungue alikwisha omba kazi ya gesi hiyo. Karatasi ipo, ina muhuri.